Hugh Tracey, Aliyezifuata Ngoma Nyumbani Kwao

Askari anayetaka kusikia muziki mgeni hana haja leo ya kutoka kambini. Redio ipo, na simu ya mkononi humletea nyimbo za nchi asiyoijua kabla chai yake haijapoa. Lakini palikuwapo wakati ambapo ngoma ya ng'ambo ya mto haikujulikana ila kwa yule aliyeuvuka mto huo. Miongoni mwa watu waliovuka mito mingi kwa ajili ya kazi hiyo tu, bila bunduki wala bidhaa, alikuwamo marehemu Bwana Hugh Tracey.

Alizaliwa tarehe 29 Januari 1903 huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Akiwa bado hajatimiza miaka 20 alisafiri hadi Southern Rhodesia, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe, kumsaidia kaka yake aliyekuwa askari katika Vita Kuu ya Kwanza na kupewa shamba baada ya vita. Walilima tumbaku. Kijana huyo akashika jembe pamoja na vibarua Wakaranga, akajifunza lugha yao, na kwa kuwa kazi ya shamba haiendi bila wimbo, akajifunza na nyimbo zao. Hapo ndipo lilipomjia jambo ambalo walowezi wenzake hawakulijali: kwamba nyimbo hizo zilikuwa na kanuni zake, ustadi wake na mabingwa wake, na kwamba hapakuwa na mtu aliyekuwa akiziweka popote.

Mwaka 1929 aliwachukua vijana 14 wa Kikaranga akawapeleka Johannesburg, safari ndefu ya mamia ya maili, kwa sababu mafundi wa kampuni ya Columbia walikuwa wamefika huko kutoka London na mitambo ya kunasa sauti. Wakati ule ilimpasa mwimbaji kuufuata mtambo. Maisha yote ya Bwana Tracey yaliyofuata yalikuwa kazi ya kuigeuza desturi hiyo, ili mtambo umfuate mwimbaji.

Halikuwa jambo jepesi. Alikwenda London, wakubwa wa muziki wa Kiingereza, Vaughan Williams na Gustav Holst, wakamtia moyo aendelee. Lakini moyo peke yake haununui petroli. Baada ya kupata fedha za Marekani za utafiti kwa muda mfupi, aliajiriwa na shirika la utangazaji la Afrika Kusini, na tangu 1936 hadi 1947 aliongoza kituo cha Durban. Huko alikutana na Wachopi wa Msumbiji, wapigaji wa marimba wasio na kifani, akaandika kitabu juu yao kilichotolewa mwaka 1948. Kisha akaiacha kazi ya mshahara, akashika njia.

Wasomaji wetu waliozoea misafara watapenda kujua jinsi msafara wake ulivyopangwa. Alikuwa na lori lenye jenereta. Lori hilo lilisimamishwa mbali na wapigaji, waya mrefu ukavutwa hadi uwanjani, ili ngurumo ya injini isiingie katika wimbo. Yeye mwenyewe aliishika maikrofoni mkononi, akaisogeza kwa mwimbaji, mara kwa ngoma, mara kwa waitikiaji, kama mtu anayegeuza shingo kusikiliza vizuri. Alipima sauti za marimba na zeze kwa vyuma maalumu, akaandika jina la mpigaji, kabila, mahali na tarehe. Wimbo ulipokwisha aliwarudishia wenyewe wausikie. Na wapigaji aliwapata vipi? Aliuliza kwa machifu, kwa wamisionari na kwa maofisa wa wilaya. Lakini pia alitembea tu huku masikio yake yakiwa wazi, na huenda njia hiyo ndiyo iliyompa zaidi.

Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville huko Katanga, ambao siku hizi huitwa Likasi, alimkuta barabarani kijana mwenye gitaa. Alikuwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa mwaka 1930. Bwana Tracey kwa itikadi yake hakuupenda sana muziki wa mijini. Aliona kuwa gitaa na mitindo ya kigeni ilikuwa ikiufukuza muziki wa asili. Lakini alisimama, akasikiliza, akanasa. Wimbo wa Bosco uitwao Masanga ulienea kwa santuri hadi Kenya na kwingineko, na wapiga gitaa wengi wa Afrika Mashariki wakajitahidi kuuiga mtindo wake wa vidole. Mwaka 1969 Bosco alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Ni heri sikio la mtu lilishinda maoni yake.

Katika jeshi la polisi pia palikuwa na hazina. August Musarurwa wa Rhodesia, ambaye Bwana Tracey alimnasa mwaka 1951, aliwahi kuwa mkalimani wa polisi na kupiga katika bendi yao. Wimbo wake Skokiaan ulivuka bahari, na mwaka 1954 Louis Armstrong mwenyewe akaupiga.

Mwaka 1950, huko Kapkatet katika nchi ya Wakipsigi, Kenya, alisimuliwa habari za Chemirocha, nusu mtu na nusu paa. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki 1933, ambaye santuri zake zilifika huko pamoja na wazungu. Wakipsigi walisikia sauti na gitaa bila mtu kuonekana, wakamuumbia mwili, wakamtungia nyimbo. Wasichana wa kijiji waliimba mmoja wa nyimbo hizo mbele ya maikrofoni, na hadi leo unapendwa na wasikilizaji wa nchi za mbali.

Uganda alifika mwaka 1950 na tena 1952. Katika ikulu ya Kabaka huko Mengo alinasa akadinda, filimbi, na entenga, yaani ngoma 15, ambazo 12 kati yake zimewambwa kwa sauti mbalimbali hata zikaweza kupiga wimbo mzima kama marimba. Watu sita huzipiga kwa pamoja, na kila mmoja hutia pigo lake katika nafasi iliyoachwa na mwenzake. Entenga haikuwa ngoma ya kupigwa sokoni. Ilikuwa ya ikulu peke yake.

Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali yaliishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza, akafariki huko mwaka 1969. Ala nyingi za ikulu ziliteketea, wapigaji wakatawanyika, na entenga ikanyamaza kwa miaka mingi. Wafalme walirudishwa mwaka 1993, lakini mkono uliokwisha kusahau pigo haurudishwi kwa sheria. Sauti ya entenga ya kabla ya siku ile imo katika kanda za Bwana Tracey. Katika miaka ya karibuni vijana wamefundishwa tena kuzipiga ngoma hizo.

Hatusemi kwamba mtu huyu hakuwa na ila. Alifanya kazi chini ya tawala za kikoloni na katika Afrika Kusini ya ubaguzi, akapokea misaada ya makampuni ya migodi, na wengi wa walioimba hawakusikia tena habari za sauti zao. Maktaba yake ya muziki wa Afrika, aliyoianzisha mwaka 1954 huko Roodepoort, ilitoa santuri 210 katika mfululizo mmoja. Pia alitengeneza na kuuza kalimba, ndugu wa kile ambacho Wateso hukiita akogo.

Alifariki tarehe 23 Oktoba 1977. Mwaka uliofuata maktaba ilihamishiwa chuo kikuu cha Rhodes, Grahamstown, mji ambao tangu 2018 huitwa Makhanda. Katika miaka ya 2010 nakala za nyimbo zilipelekwa tena Kapkatet, na baadhi ya walionaswa mwaka 1950 walikutwa wangali hai. Wazee hao walikaa wakajisikiliza wakiimba ujanani.