Profesa Geigy na Kazi Yake Ifakara

Rudolf Geigy alizaliwa mjini Basel, Uswisi, mwaka 1902, katika ukoo wenye kiwanda kikubwa cha rangi na madawa. Ni kiwanda hicho ambacho mtaalamu wake aligundua, mwaka 1939, kuwa DDT inaua wadudu. Geigy angeweza kukaa katika ofisi za wazee wake akihesabu faida. Yeye alichagua elimu ya wanyama, na mwaka 1943, vita vikali vikiendelea Ulaya, akawa mkuu wa kwanza wa taasisi ya Uswisi ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto.

Mwaka 1949 alifika Ifakara. Anayelijua Bonde la Kilombero anajua alichokikuta: mto unaofurika wakati wa masika, mpunga mwingi, na mbu wasiohesabika. Katika sakafu za udongo walijificha papasi, wanaonyonya damu usiku na kuacha homa inayopoa kisha ikarudi. Geigy aliwakusanya papasi hao katika nyumba za wenyeji akawachunguza, na mwaka 1957 maabara yake ikasimama Ifakara, mahali ambapo Wakapuchini wa Uswisi walikuwa na hospitali yao ya misheni.

Lakini maabara haimtibu mtoto mwenye homa. Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa wapatao 12 tu kwa nchi nzima. Geigy aliwaendea wenye viwanda vya madawa vya Basel, watu wanaoshindana kila siku sokoni, nao wakatia fedha katika mfuko mmoja. Kwa kukubaliana na serikali, mwaka huo huo kikafunguliwa Ifakara kituo cha kuwafundisha watumishi wa afya wa vijijini. Mwenye mali alitoa fedha, taasisi ikatoa walimu, hospitali ikawa mahali pa kujifunzia.

Wako watakaouliza, na ni haki ya mfanyakazi kuuliza, mwenye kiwanda cha dawa hutafuta nini katika nchi ya wagonjwa. Hatuwezi kuyapima yaliyo moyoni mwa matajiri wa Basel. Twaweza kutazama mali imeishia mikononi mwa nani. Katika miaka ya 1970, serikali ilipokuwa ikipeleka huduma za afya vijijini, kituo hicho kilikabidhiwa kwake, nacho kikaendelea kufundisha waganga wasaidizi.

Maabara ilikawia zaidi, na kwa maoni yetu ilikawia mno: ilikaa chini ya uongozi wa Basel kwa zaidi ya miaka 30 tangu kusimama. Geigy alifariki mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 92. Mwaka uliofuata maabara yake ikawa kituo cha utafiti cha Kitanzania kinachojisimamia. Tangu 2008 kinaitwa Taasisi ya Afya Ifakara.