Gottlieb Daimler: mtu wa pikipiki ya kwanza ya esansi, iliyoteketea kwa moto

Mahagi, Ituri – Kwenye njia ya Goli, mpakani na Uganda, wamotari hupita tangu asubuhi wakiwa na abiria, magunia na vidumu. Pikipiki ikiharibika, fundi wa kando ya barabara anaifungua na kuifunga bila kitabu, na akikosa kipande anakitoa kwenye nyingine iliyokwisha kufa. Pikipiki ya kwanza yenye moteri ya esansi haikuwa na bahati hiyo. Ilikuwa moja tu, ikaungua, na wanaotaka kuirudisha wanahangaika na karatasi.

Aliyeitengeneza ni Mjerumani Gottlieb Daimler, aliyezaliwa tarehe 17 mwezi wa tatu 1834 mjini Schorndorf, kusini mwa Ujerumani. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Kijana alijifunza kwanza ufundi wa bunduki, halafu akasoma mambo ya mashine huko Stuttgart. Akifanya kazi Reutlingen, alikutana na Wilhelm Maybach, yatima aliyelelewa hapo na aliyekuwa na kipaji cha kuchora mashine. Sifa nyingi zilimwendea Daimler, lakini bila Maybach sidhani kama tungekuwa na habari hii.

Mwaka 1872 Daimler aliingia kiwanda cha Deutz, karibu na Cologne, na Maybach naye akaenda huko. Humo Nikolaus Otto alitoa mwaka 1876 moteri ya mapigo manne, mama wa moteri nyingi za pikipiki tunazopanda leo. Lakini ilikuwa nzito, ikitumia gesi, imefungwa mahali pamoja. Daimler alitaka ndogo inayoweza kusafiri. Wakubwa wakakosana, naye akaondoka mwaka 1882.

Alinunua nyumba Cannstatt, kando ya Stuttgart, akageuza kibanda cha vioo cha bustanini kuwa karakana. Yeye na Maybach walijifungia humo usiku na mchana. Mtunza bustani akashuku kwamba wanatengeneza pesa bandia! Polisi walipoingia, walikuta vyombo vya kazi na moteri tu.

Moteri ile haikuwa na buji. Kijirija cha chuma kilipashwa kwa taa ya nje mpaka kikawa chekundu, nacho ndicho kilichowasha mchanganyiko wa mafuta na hewa ndani. Kwa njia hiyo ilizunguka kama mara 600 kwa dakika, wakati zile za Otto hazikufika hata 200.

Mwaka 1885 waliiweka kwenye fremu ya mbao, juu ya magurudumu ya mbao yenye pete za chuma, na vigurudumu viwili vya pembeni ili isianguke. Moteri ilikuwa na ukubwa wa sentimita za ujazo 264, lakini nguvu yake ilikuwa nusu farasi. Pikipiki ya leo yenye 100 tu inaishinda zaidi ya mara kumi. Mwendo wake haukuzidi kilomita 12 kwa saa. Katika mwezi wa kumi na moja, mwanawe aliipanda kutoka Cannstatt hadi Untertürkheim, karibu kilomita 3. Inasimuliwa kwamba kiti kilishika moto njiani, kwa sababu taa ile ilikuwa chini yake.

Wako wanaobisha kwamba haikuwa ya kwanza, maana Wafaransa na Wamarekani walikuwa wamefunga mashine za mvuke kwenye baiskeli tangu miaka ya 1860. Hawakosei. Ndiyo maana tunasema ya kwanza ya esansi.

Daimler mwenyewe hakuijali sana. Alitaka kujaribu moteri. Mwaka 1886 aliiweka kwenye gari la farasi na kwenye mtumbwi. Mwaka 1890 alianzisha kampuni, akagombana na wenye hisa, akatoka, akarudi 1895. Alikufa tarehe 6 mwezi wa tatu 1900, kabla jina Mercedes halijapewa magari ya kampuni yake.

Mwaka 1903 moto uliunguza kiwanda cha Cannstatt, na pikipiki ile ikaenda nao. Kwa hiyo anayetaka kuiunda upya huanza na mchoro wa hati ya uvumbuzi ya tarehe 29 mwezi wa nane 1885. Shida iko hapo. Mchoro una gido inayogeuzwa kwa vyuma vya kuunganisha, na mtambo mgumu wa kukaza mkanda. Mashine yenyewe ilipotengenezwa, gido ilikuwa rahisi tu. Ile iliyoundwa upya na kuwekwa kwenye jumba la Deutsches Museum, Munich, imefuata gido rahisi. Nyingine, katika jumba la waendesha pikipiki huko Ohio, Marekani, imefuata mchoro, tena ni kubwa kuliko ya Daimler. Ukiziweka pamoja, fundi wa Mahagi angesema ni pikipiki za viwanda viwili. Na kipande cha asili cha kuamulia nani amepata, hakipo tena.