Jeevanjee: Msee aliyejenga Nairobi akiwa kontrakta, akaishia kukosa mkwanja

Kama umewahi kusota tao, hiyo park ya Jevanjee unaijua vizuri. Ndio pale wasee hulala kwa nyasi saa ya lunch, mapasta wanapiga kelele bila maiki, na Bunge la Mwananchi wanabishana siasa mpaka jua linazama. Wengi hupita hapo kila siku wakienda Moi Avenue na hawajawahi kujiuliza huyo Jeevanjee alikuwa nani. Wengine hudhani ni jina la kampuni. Zii. Alikuwa mtu, na story yake ni noma.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka wa 1856, kwa familia ya Mabohora. Wakati huo Karachi ilikuwa chini ya Waingereza, Pakistan haikuwa hata ndoto. Shule ya maana hakuwa nayo. Alitoka nyumbani akiwa kijana, akazunguka India akichuuza, akavuka bahari hadi Australia akauza bidhaa kule. Mwaka wa 1890 ndio akashuka Mombasa.

Sasa cheki timing. Mombasa ya 1890 haikuwa na reli, na Nairobi haikuwepo kabisa. Hapa palikuwa kinamasi cha Wamaasai kunywesha ng'ombe. Wafanyabiashara wengi wa Pwani walikuwa wanapigania pembe na karafuu, biashara za mababu. Jeevanjee akaona kitu kingine: Mwingereza anakuja na serikali nzima, na serikali haiji na kila kitu kwa mfuko. Inahitaji watu, chakula, mawe, mbao, nyumba. Yeye akaamua atakuwa yule msee wa kuitwa.

Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa 1896, Jeevanjee ndiye aliyekuwa na tenda ya kuleta wafanyakazi kutoka India. Kwa miaka ile ya ujenzi, Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa. Pia akapewa kazi ya kuwalisha, na kazi za kuvunja mawe na kujenga stesheni. Doh ikaingia. Lakini tusipake rangi: karibu 2,500 kati ya hao wafanyakazi walikufa, wengi kwa magonjwa. Wale simba wa Tsavo mnaowaona kwa muvi walichangia kidogo tu. Utajiri wa kontrakta ulipita juu ya migongo ya watu ambao majina yao hayako kwa park yoyote.

Reli ilifika Nairobi 1899. Wengine waliona kambi ya mahema kwa matope. Jeevanjee akaona ploti. Akajenga majengo kibao, mengine akayakodisha kwa serikali yenyewe, kumaanisha mkoloni alikuwa tenant wake. Fikiria hiyo. Mwaka wa 1904 akajenga soko, na kwa miaka mingi mboga na nyama za Nairobi zilipita hapo.

Halafu kuna hii ambayo wengi hawajui. Lile gazeti la The Standard mnalosoma? Ni yeye alilianzisha, Mombasa, mwaka wa 1902, likiitwa African Standard. Jamaa ambaye hakuwa na shule alianzisha gazeti la Kiingereza! Hakujifanya anajua kuandika, alimwajiri mhariri Mzungu akamwachia kazi. Hapo ndio mabosi wengi wa siku hizi huanguka, wanataka kuwa mpaka mpiga picha wa kampuni yao. 1905 akaliuza kwa Wazungu, likageuka East African Standard. Kusema ukweli, mimi naona hapo aliteleza. Miaka michache baadaye alihitaji sauti sana, na gazeti alilozaa mwenyewe lilikuwa upande wa masetla.

Kwa sababu mambo yalianza kubadilika. Masetla walipojaa, walitaka ardhi nzuri ya milimani iwe yao peke yao. Muhindi angeweza kuwa na doh ya kununua nusu ya bonde na bado aambiwe hapana kwa sababu ya ngozi. Msee aliyejenga stesheni za reli hakuweza kumiliki shamba kando ya reli hiyo.

Jeevanjee angenyamaza. Alikuwa na kandarasi, alikuwa na majengo, na kila mtu anajua ukimchokoza mwenye tenda, tenda inaisha. Mwaka wa 1909 aliteuliwa Bunge la koloni, Muhindi wa kwanza na mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Alikuwa peke yake, kura moja dhidi ya chumba kizima. Badala ya kukaa kimya na kufurahia kiti, 1910 alienda London kulalamika mbele ya wakubwa wenyewe, na akaongea na magazeti ya kule. 1914 akawa kati ya walioanzisha kongamano la Wahindi wa Afrika Mashariki, na ndiye aliyekuwa rais wake wa kwanza.

Ila tusimfanye malaika. Huko London alipendekeza nchi hii iunganishwe na India. Hakuuliza Mkikuyu, Mmaasai wala Mnandi wanaonaje. Alipigania haki ya watu wake na jicho lake liliishia hapo. Ni shujaa mwenye shimo kubwa katikati.

Kwa upande wa biashara, nyota ikafifia. Alikuwa amejenga kila kitu juu ya mteja mmoja, serikali, na huyo mteja sasa alikuwa ndiye mpinzani wake. Vita Kuu ya Kwanza ikapita, uchumi ukatikisika, madeni yakabisha mlango. Alipofariki mwaka wa 1936, ule utajiri wa zamani ulikuwa umebaki story. Hakurudi Karachi kuficha uso. Alibaki hapa hapa.

Kitu kimoja hakikuenda. 1906, wakati mfuko ulikuwa mzito, alitengeneza bustani katikati ya mji na kuwapa watu wa Nairobi. Ndani akaweka sanamu ya Malkia Victoria, iliyozinduliwa na mtoto wa malkia mwenyewe. 1991 wakubwa wa jiji walitaka kuinyakua na kujenga parking ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, akakataa katakata. Wangari Maathai naye akaingia, watu wakapiga kelele, na mpango ukafa. Baadaye Zarina aliandika kitabu cha maisha ya babu yake.

Sanamu ya Victoria haikuwa na bahati hiyo. Mwaka wa 2015 watu waliivunja kichwa. Nyasi bado iko, na kesho saa saba mchana utapata mtu amelala hapo, viatu ameweka chini ya kichwa ndio visiibiwe.