Alfred Hitchcock, mutu aliyewafungia waliochelewa mulango wa sinema

Ni mwezi wa 6 mwaka wa 1960, katika muji wa New York. Mutu anafika kwenye nyumba ya sinema dakika kumi kisha filme kuanza, feza ya tiketi iko mukononi. Mulango umefungwa. Anabishana, lakini hawamufungulii. Pale kwenye kuingilia kuko picha kubwa ya bwana mumoja munene, mwenye kipara, amevaa kostimi nyeusi, anaonyesha saa yake ya mukono na kidole. Bwana huyo ndiye alitoa amri: kisha filme kuanza, hakuna mutu anaingia.

Siku hizi hilo halishangazi sana, lakini wakati ule watu waliingia sinema saa yoyote waliyotaka. Mutu aliweza kufika katikati, akatazama mupaka mwisho, akangojea filme ianze tena ili apate mwanzo, kisha akaenda zake. Sasa Alfred Hitchcock alikuwa ametengeneza filme, jina lake Psycho, ambayo haikuweza kutazamwa hivyo. Musichana mwenye jina kubwa kuliko wote katika ile filme, Janet Leigh, anauawa hata mbele ya nusu. Mwenye kuchelewa angeikaa pale akimungojea saa nzima, kumbe ameshakufa zamani.

Alizaliwa tarehe 13 mwezi wa 8 mwaka wa 1899, Leytonstone, pembeni ya London. Baba yake aliuza mboga na matunda. Familia ilikuwa ya Wakatolika katika inchi ya Waprotestanti, na kijana alisoma kwa mapadri Wajezuiti. Katika utoto wake kuko hadisi moja ambayo alirudilia maisha yake yote: kwamba alipokuwa mutoto mudogo sana, baba yake alimutuma kwa polisi na barua, polisi akasoma, akamufungia ndani ya kasho kwa dakika chache, eti hivyo ndivyo wanawafanyia watoto wabaya. Kama mambo yalipita kabisa vile, ni yeye tu alijua. Lakini tazameni filme zake: karibu kila mara kuko mutu asiye na kosa anayekimbizwa na polisi, na hakuna anayemusadiki.

Baba alikufa mwaka wa 1914, Alfred akiwa na miaka 15. Alitafuta kazi, akaingia kompanyi ya kutengeneza kamba za umeme, huku akijifunza kuchora. Ni kule kuchora kulimufungulia njia. Filme za wakati ule hazikuwa na sauti. Maneno yaliandikwa juu ya makaratasi, yanaonyeshwa katikati ya picha. Kompanyi moja ya Waamerika ilifungua studio London, yeye akawapelekea michoro yake, wakamupa kazi. Ndani ya ile studio kulikuwa musichana mufupi, Alma Reville, aliyekuwa mudogo wake kwa siku moja tu, lakini katika kazi alikuwa mukubwa wake: alikuwa anakata na kuunganisha filme wakati yeye alikuwa angali anaandika makaratasi. Walioana mwezi wa 12 mwaka wa 1926. Mutoto wao mumoja, Patricia, alizaliwa mwaka wa 1928. Mumuchunge vizuri huyu Alma, ataonekana tena.

Filme iliyomutoa ni The Lodger, ya mwaka wa 1927. Ndani ya London kuko mutu anayeua wasichana, na mwanaume anayepanga chumba kwa familia moja anaanza kushukiwa. Hitchcock alitaka watu waende nyumbani na mashaka: ni yeye, ao si yeye? Hapana, wakamukatalia. Muchezaji alikuwa Ivor Novello, kijana aliyependwa sana na wanawake wa Uingereza, na mutu kama huyo hawezi kuwa muuaji. Miaka 14 kisha hapo, kule Amerika, jambo lilelile likamupata na Cary Grant katika filme Suspicion: mucheza filme mwenye jina kubwa lazima atoke pale akiwa safi. Hitchcock aliibeba ile sheria kwenye kichwa muda murefu. Watazamaji waliijua pia, hata kama hakuna aliyewafundisha: mutu mwenye jina kubwa hatakuwa muovu, tena hatakufa mapema. Mwaka wa 1960 ndipo alilipiza.

Alihamia Amerika mwaka wa 1939. Filme yake ya kwanza kule, Rebecca, ilipata Oscar ya filme bora ya mwaka wa 1940. Ile ya mwenye kuongoza filme, yeye hakuipata. Walimutaja mara tano kwa zawadi hiyo, na mara zote tano akarudi mikono mitupu.

Kuko kipande kimoja cha maisha yake ambacho watu wanarukaruka, na wanaosema Kifaransa wangepaswa kukijua. Mwaka wa 1944, katikati ya vita, alirudi London na akatengenezea serikali ya Uingereza filme mbili fupi za Kifaransa, juu ya Wafaransa waliopigana na Wajerumani. Moja, Aventure malgache, inapita Madagascar. Ingine, Bon Voyage, haifike hata nusu saa. Askari mumoja wa ndege za vita, mutu wa Scotland aliyekuwa mufungwa, anafika London, anasimulia vile alivyotoroka Ufaransa pamoja na mwenzake Mupolandi, na vile watu wa upinzani walivyowaficha na kuwavusha. Unasikia, unafurahi. Halafu ofisa anayemusikiliza anaanza kumusimulia ile safari upya, sehemu kwa sehemu, na tunaona mambo ambayo yule askari hakuyaona: yule Mupolandi alikuwa mutu wa polisi ya siri ya Wajerumani, na kila nyumba waliyopita, alikuwa anahesabu majina. Yule askari hakusema uongo hata neno moja. Alikuwa pale, aliona kwa macho yake, na hakuelewa kitu. Filme hiyo haijulikani sana, lakini kwa wenye kujua vita na kujificha kwa watu wengine, inauma kuliko filme kubwa nyingi.

Jambo la kushangaza ni kwamba huyu bwana, aliyejulikana kwa kugeuza hadisi, hakupenda sana kushitusha watu. Mwaka wa 1962 alizungumuza siku nyingi na Mufaransa François Truffaut, naye mutengeneza filme, na mazungumuzo yao yakawa kitabu. Pale alifasiria hesabu yake. Watu wanakaa kwenye meza, wanazungumuza mambo ya bure, na bomu inapasuka: mutazamaji anashituka sekunde kumi na tano, basi. Lakini ukimuonyesha bomu chini ya meza mbele, na saa iko ukutani, mazungumuzo yaleyale ya bure yatamutoa jasho dakika kumi na tano. Kwa hiyo, aliona, mutazamaji apewe habari. Isipokuwa tu wakati kule kugeuka kwa mwisho ndiko hadisi yenyewe.

Mwaka wa 1958 alijaribu hesabu hiyo kwa nguvu kabisa. Wafaransa wawili walioandika pamoja, Boileau na Narcejac, walikuwa wametoa kitabu ambacho Henri-Georges Clouzot alikigeuza kuwa filme Les Diaboliques, mwaka wa 1955. Ile filme, mwisho wake ulishitua dunia, na maneno ya mwisho kwenye picha yaliwaomba watazamaji wasiharibie rafiki zao. Hitchcock akachukua kitabu kingine cha haohao wawili, akafanya Vertigo. Katika kitabu siri inatoka mwisho kabisa. Yeye akaitoa mbele, wakati filme ingali na sehemu kubwa: mutazamaji anajua, mwanaume aliyependa hajui, na tunaikaa pale tunamuangalia akijiharibu. Wamoja wa kompanyi waliona amepoteza akili, na filme haikuleta feza nyingi. Mwaka wa 2012, gazeti la Waingereza Sight and Sound liliuliza wajuzi wa sinema mamia, na wakaiweka namba moja ya filme zote.

Lakini Les Diaboliques haikumutoka kichwani. Alitaka naye kushinda Clouzot, tena kwa feza kidogo. Akapata kitabu cha Robert Bloch, akanunua haki yake kupitia mutu mwingine, bila jina lake kutajwa. Kompanyi ya Paramount ikasikia habari ya hadisi, ikakataa kulipa. Yeye akalipa mwenyewe, karibu dola 800.000, akatumika na watu wa programu yake ya televizyo waliozoea kwenda mbio, na picha zikawa nyeusi na nyeupe. Mushahara wake wa dola 250.000 akauacha, badala yake akaomba sehemu 60 kwa mia ya filme. Paramount ilifikiri imepata faida. Kumbe ndipo ilimutajirisha.

Ile sehemu ya kuoga, ambapo Janet Leigh anauawa, ilikula siku saba za kazi kwa sekunde 45 hivi. Damu ilikuwa maji ya chokoleti. Kisu hakionekani kikiingia mwilini vile watu wanavyosadiki wameona. Hitchcock alitaka pale pasiwe muziki. Bernard Herrmann akaandika muziki wa vyombo vya nyuzi tu, akamusikilizisha, naye akakubali kwamba alikosea. Ili siri isitoke, kwenye kazi waliweka kiti kilichoandikwa jina la mama wa muuaji, kama vile kuko mwanamuke anayecheza sehemu hiyo. Waandishi wa magazeti hawakuonyeshwa filme pembeni kama kawaida. Walilipa na kupanga mustari pamoja na watu wote. Mwisho wake hauandikwi hapa. Wengine hawajaiona, na ile amri ya yule bwana ingali na maana.

Kuko upande mwingine, nao hauwezi kufichwa. Katika The Birds, ya mwaka wa 1963, alimwambia Tippi Hedren kwamba ndege watakuwa wa mashini. Siku ya kazi ilipofika, walimutupia ndege wa kweli, siku tano, mupaka akaumia karibu na jicho na daktari akasema apumuzike. Mwaka wa 2016 Hedren aliandika kwamba Hitchcock alimushika kwa nguvu, na alipomukatalia, alimufunga na kontra yake asitumike mahali pengine. Hitchcock alikuwa ameshakufa, hakuweza kujibu. Wanawake wengine waliotumika naye, kama Eva Marie Saint na Kim Novak, walimusema vizuri. Yote mawili yamebaki.

Kisha miaka ile, nguvu ilipunguka. Filme ya mwisho aliimaliza mwaka wa 1976. Magoti yalimuuma, na moyo pia. Mwezi wa 3 mwaka wa 1979, wakubwa wa sinema ya Amerika walikusanyika kumupa heshima ya kazi yake yote. Alisimama kwa shida. Alisema ataje watu wane tu waliomusaidia: wa kwanza anakata na kuunganisha filme, wa pili anaandika filme, wa tatu ni mama ya binti yake Pat, wa ine ni mupishi wa ajabu. Watu wakangojea majina. Wote wane, jina lao lilikuwa Alma Reville. Na Alma alikuwa pale anakaa kwenye meza, mugonjwa.

Alikufa nyumbani kwake Los Angeles tarehe 29 mwezi wa 4 mwaka wa 1980, na miaka 80. Mwili ulichomwa, majivu yakatupwa juu ya bahari ya Pasifiki. Alma alimufuata miaka miwili kisha hapo.