Alexis Kagame

Alexis Kagame (Kiyanza, Rwanda, 15 Mei 1912 – Nairobi, Kenya, 2 Desemba 1981) alikuwa padri wa Kanisa Katoliki, mwanafalsafa, mwanahistoria na mshairi wa Rwanda. Anakumbukwa hasa kwa kuchukua falsafa aliyofundishwa seminarini, iliyotokana na Aristotle na Thoma wa Akwino, na kuipima kwa sarufi ya lugha yake ya kuzaliwa, Kinyarwanda.

Maisha ya awali

Kagame alizaliwa katika ukoo uliokuwa karibu na ikulu ya mfalme (mwami). Humo walikuwemo abiru, yaani watunzaji wa siri na taratibu za ufalme, ambao kazi yao ilitegemea kukariri maneno mengi bila kukosea. Wakati huo Rwanda ilikuwa chini ya Wajerumani. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ilitawaliwa na Ubelgiji.

Alisoma katika seminari ndogo ya Kabgayi, kisha seminari kuu ya Nyakibanda, na alipata upadrisho mwaka 1941. Masomo ya falsafa na teolojia seminarini yalitolewa kwa Kilatini na Kifaransa, kwa vitabu vilivyoandikwa Ulaya. Hivyo kijana aliyelelewa kwenye mashairi ya ikulu alijifunza kufikiri juu ya Mungu na viumbe kwa istilahi za lugha nyingine. Kazi yake yote ya baadaye ilitokana na hali hiyo.

Mwandishi na mkusanyaji

Katika miaka ya 1940 alihariri Kinyamateka, gazeti la Kikatoliki lililotolewa kwa Kinyarwanda. Wakati huohuo alikusanya mashairi na habari za kale kutoka kwa wazee, kwa kibali cha mfalme Mutara III Rudahigwa. Sehemu kubwa ya habari hizo ilikuwa haijaandikwa popote, na kila mzee aliyefariki aliondoka na sehemu yake.

Alitunga pia mashairi ya dini kwa kufuata mtindo wa mashairi ya ikulu. Utenzi wake mrefu unasimulia uumbaji na habari za wokovu. Sifa ambazo zamani zilitolewa kwa mfalme alizielekeza kwa Muumba.

Mwaka 1952 alitoa kitabu kuhusu taratibu za utawala wa Rwanda kabla ya ukoloni. Kitabu hicho hakikuwapendeza watawala wa Kibelgiji, na mwaka huohuo alipelekwa Roma. Huko alisoma falsafa katika Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana na kupata shahada ya udaktari mwaka 1955. Alikuwa pia miongoni mwa mapadri Waafrika waliojadili namna ya kuupa Ukristo sura ya Kiafrika.

Mafundisho yake

Mwaka 1945 Placide Tempels, mmisionari Mfransisko kutoka Ubelgiji aliyefanya kazi Katanga, Kongo, alikuwa ametoa kitabu kuhusu falsafa ya Wabantu. Alidai kwamba kwao kuwepo na kuwa na nguvu ni jambo moja. Kagame alimheshimu kwa kufungua mjadala, lakini hakuridhika na njia yake. Aliona kwamba anayetaka kueleza fikra za watu lazima aoneshe ushahidi ambao wengine wanaweza kuukagua, na ushahidi huo aliutafuta katika lugha.

Tasnifu yake, iliyochapishwa Brussels mwaka 1956, imeandikwa kwa mtindo wa mazungumzo ya watu wawili. Ndani yake anagawa vyote vilivyopo katika makundi manne yenye mzizi mmoja, -ntu:

- umuntu: kiumbe mwenye akili;
- ikintu: kiumbe asiye na akili, pamoja na wanyama, mimea na vitu;
- ahantu: mahali na wakati;
- ukuntu: namna ya kuwa, kama vile wingi, sifa na uhusiano.

Aristotle alitaja makundi kumi. Kagame alionesha kwamba yote kumi yanaenea katika haya manne. Mungu hakumweka katika kundi lolote, kwa kuwa chanzo cha viumbe hakihesabiwi pamoja na viumbe.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuufuata mzizi huo katika maneno mtu, kitu na utu. Wagogo na Wasukuma husema munhu. Hata katika mji kama Itigi mkoani Singida, kwenye reli ya kati, ambako wasemaji wa lugha mbalimbali za Kibantu hukutana, ulinganifu huo husikika sokoni.

Kagame alisema pia kwamba kitenzi cha kuwa katika lugha za Kibantu hakisimami peke yake. Kwa hiyo hoja ya Descartes, ya kuthibitisha kuwepo kwake kwa kuwa anafikiri, haitafsiriki kwa urahisi: anayesema yeye ni, bila kuongeza neno, humfanya msikilizaji angoje aambiwe ni nani au yuko wapi.

Miaka ya mwisho

Alirudi Rwanda mwaka 1958 na kufundisha Astrida (baadaye Butare, leo Huye). Kuanzia mwaka 1963 alikuwa mmoja wa maprofesa wa kwanza wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Mwaka 1976 alitoa kitabu kilichopanua utafiti wake hadi lugha nyingi za Kibantu. Alifariki Nairobi akiwa na umri wa miaka 69.

Tathmini

Paulin Hountondji wa Benin alikubali kwamba Kagame alikuwa makini kuliko Tempels, lakini alimkosoa kwa kuwapa watu wote falsafa moja isiyo na mwandishi. Kwake, falsafa ni hoja za mtu anayezitetea mbele ya wenzake. Wengine waliuliza kama sarufi inatosha kuonesha mawazo, kwa kuwa wasemaji wa lugha moja hubishana juu ya karibu kila jambo. Wanahistoria nao waliona kwamba masimulizi aliyoyakusanya yanaitazama Rwanda kwa macho ya ikulu, na tarehe alizozikadiria zilipingwa.

Pamoja na hayo, maandishi yake yamehifadhi mashairi na habari ambazo pengine zisingepatikana tena. Swali lake bado linajadiliwa katika vyuo na seminari za Afrika: kama mtu anaweza kusoma vitabu vya Ugiriki na Roma kwa makini, akavijibu kwa lugha ya mama yake.