Daudi Kabaka na Kiswahili cha Mtaani

Wazee wa Kaloleni na Jericho, hapa Nairobi, wakianza kukumbushana muziki wa ujana wao, hawachelewi kumtaja Daudi Kabaka, na kicheko hufuata. Mazungumzo hayo mwanaisimu hawezi kuyapuuza.

Kabaka alizaliwa mwaka wa 1939. Katika miaka ya sitini, akiwa na Equator Sound Band pamoja na kina Fadhili William, aliuvumisha mtindo wa twisti. Katika Harambee Harambee alihimiza ujenzi wa taifa changa. Katika Msichana wa Elimu alimgeukia binti aliyesoma. Mwaka wa 1968 kundi la Uingereza, The Tremeloes, liliurekodi upya wimbo wake Helule Helule, nao ukavuma huko. Alifariki mwaka wa 2001.

Kiswahili chake kilikuwa chepesi, cha mjini, wala hakikusubiri idhini ya kamusi. Je, walimu wenzangu, tukidharau? Mimi nakataa. Lugha iliyowawezesha Mluhya, Mkamba na Mjaluo kuucheka mzaha mmoja ilifanya kazi ambayo sarufi peke yake haiiwezi. Nyimbo hizo na ziingie darasani, wazee wanaozikumbuka wangali nasi.