Johanna Spyri na Riwaya Iliyoutangulia Msiba

Aghalabu mhakiki chipukizi anapokutana na riwaya ya majonzi, huyakimbilia maisha ya mwandishi ili kuutafuta msiba ulioizaa. Maisha ya Johanna Spyri, mwandishi wa riwaya mashuhuri ya Heidi, yanatutahadharisha dhidi ya pupa hiyo.

Spyri alizaliwa tarehe 12 Juni 1827 katika kijiji cha Hirzel nchini Uswisi. Babake alikuwa daktari, naye mamake, Meta Heusser, alitunga mashairi ya kidini. Mnamo 1852 aliolewa na mwanasheria Bernhard Spyri, wakahamia mji wa Zürich. Maisha ya mjini hayakumwafiki. Mumewe alizama kazini, naye akasongwa na huzuni ya muda mrefu ambayo haikuondoka hata alipojaliwa mwana wa pekee mwaka 1855. Hadithi yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1871, akiwa amepita umri wa miaka arobaini, tena bila jina lake kamili.

Sehemu ya kwanza ya Heidi ilitoka mwaka 1880, na ya pili mwaka 1881. Ndani yake tunakutana na mzee anayeishi peke yake mlimani. Mwanawe Tobias, seremala, aliangukiwa na boriti akafa, na mke wa Tobias akamfuata baada ya muda mfupi. Wanakijiji walidai kwamba hiyo ilikuwa adhabu ya Mungu kwa ukaidi wa mzee. Naye akawapa kisogo, akapanda mlimani, asitake kusemezana na mtu. Kisha analetewa mjukuu yatima wa miaka mitano asiyemwogopa hata kidogo. Mzee hasemi mengi; anachonga kigoda kinachomfaa mtoto. Heidi anapopelekwa Frankfurt, anadhoofika kwa kutamani kwao hata anatembea usingizini. Anaporudi, babu anashuka naye kanisani, na wanakijiji wanampa mkono.

Katika mateso ya Heidi mjini, si vigumu kuuona upweke wa Spyri mwenyewe huko Zürich. Je, majonzi ya babu yalitoka wapi? Wahenga walisema kuwa uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hata hivyo, Spyri alipomsawiri mzee aliyefiwa na mwanawe, wake alikuwa hai. Msiba ulifika mwaka 1884: mwana huyo wa pekee alifariki kwa kifua kikuu, na kabla ya mwaka kuisha mumewe naye akafariki. Mwandishi akajikuta katika hali ileile aliyomwekea mhusika wake.

Angaliweza kuufunga mlango, kama alivyofanya mzee. Badala yake aliendelea kuandika na kuwasaidia wahitaji kwa miaka mingine kumi na saba, hadi alipoaga dunia mjini Zürich tarehe 7 Julai 1901.

Kwa hivyo, mkabala wa kiwasifu una manufaa yake, lakini una mpaka. Ungetueleza mtoto anayelilia milima, usingetueleza babu. Huyo alizaliwa na uwezo wa mwandishi wa kuuhisi uchungu wa mwenzake kabla haujamfika yeye, na bila uwezo huo fasihi ingebaki kuwa shajara ya kila mtu peke yake.